Keki Ilivyoingia Jandoni

Asubuhi moja mama anayetuuzia vitafunwa pale ofisini aliniletea maandazi mawili ya moto, ameyafunga kwa karatasi iliyochanwa kwenye daftari la mtoto wa shule. Mafuta yalikuwa yameshaipenya karatasi, na wino wa bluu wa hesabu za mtoto huyo ulikuwa umeanza kutanuka. Nikaisogeza puani. Wenzangu wakadhani nakagua kama maandazi ni ya jana. Sikuwa nakagua chochote. Nilikuwa nimerudi nyumbani kwetu, nje kidogo ya Chiungutwa, nina miaka kumi, nimechuchumaa kando ya sufuria ya mama.

Kwangu mimi, harufu ya keki ndiyo hiyo, karatasi ya daftari iliyopakwa siagi ikapata moto. Watu wengine hukumbuka vanila. Vanila kwetu ilikuja baadaye, tena kwa matone. Karatasi tulikuwa nazo tele kwa sababu baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na madaftari yaliyokwisha yaliishia kwa mama. Aliyachana, akazipaka kurasa siagi, akazitandika ndani ya sufuria ili keki isishike. Mara moja bwana harusi mmoja alikuta kipande chake kimegandana na karatasi iliyoandikwa kwa wino mwekundu, "Ongeza bidii". Watani wake hawakumpa nafasi ya kupumua mpaka siku alipopata mtoto.

Mama alijifunza kuoka akiwa msichana, kwa watawa wa misheni, kwenye oveni ya kuni yenye mlango wa chuma. Alipoolewa alipewa vyombo, kitanda na ng'onda, samaki wetu wakavu, wa kutosha, ila oveni hakupewa. Akajitengenezea ya kwake. Alichukua sufuria kubwa, akaimiminia mchanga chini, akaweka juu ya mchanga sufuria ndogo yenye unga uliokorogwa, akafunika kwa bati, na juu ya bati akapanga makaa. Moto chini, moto juu. Alikuwa akilitegea sikio lile bati, na asipoipenda sauti aliyoisikia, alipunguza kaa moja au mawili kwa vidole vitupu. Nilimwiga siku moja. Kovu ninalo.

Kwa miaka mingi ufundi huo ulilala tu, kwa kuwa unga wa ngano na sukari vilikuwa vitu vya kupangia foleni, na mtu aliyepata kilo moja ya sukari hakuwa na wazimu wa kuipeleka yote kwenye keki. Kisha biashara ikaruhusiwa. Maduka ya Masasi mjini, yaliyokuwa yakiuza viberiti na vumbi, yakajaa ghafla: unga wa magunia, siagi ya kopo, rangi za keki kwenye vichupa vidogo. Na watu wetu, ambao harusi zao zilikuwa wali, nyama na ngoma, wakaamka siku moja wakitaka keki. Haikuchukua muda harusi bila keki ikawa inaonekana kama msiba uliochangamka.

Mama akawa anatafutwa. Walimfuata kwa baiskeli kutoka Nanganga, wengine walikuja kutoka Makote. Keki moja ya ngazi tatu ilimwachia fedha ambazo baba alizipata kwa kusimama ubaoni mwezi mzima, tena za baba zilikuwa na tabia ya kuchelewa. Baba hakununa. Alizoea kusema, akiwa ameshika ufagio wa kumsaidia mama uani, "Mwajiri wangu ana cheo, mke wangu ana fedha, nimtii nani?" Na alifagia kweli. Aliyemsaidia mama kazi yenyewe alikuwa Theresia, binti wa jirani, msichana mwenye mkono usiochoka. Yeye ndiye aliyesaga sukari na siagi kwa mwiko wa mti mpaka vikawa vyeupe, kazi ya saa nzima.

Mimi nilikuwa na cheo pia. Keki ikivimba hutoa kichwa, na kichwa hicho lazima kikatwe ili ngazi ya pili ikae sawa. Vichwa vya keki vilikuwa mali yangu. Nilivila, nikavibadilisha kwa gololi, nikavitumia kutafuta marafiki. Darasa la nne zima lilinipenda kwa sababu zisizohusiana na tabia yangu.

Lakini kazi ile ilikuwa na kasoro moja, na mama aliijua kuliko sisi. Ilikuwa ya msimu, sawasawa na korosho tulizolima. Watu walioa baada ya mavuno, wakaoa tena korosho zilipouzwa. Mvua ikianza, hakuna aliyekumbuka keki. Mama alishika jembe na vidole vyake vikasahau maua ya sukari. Hukuweza kupanga jambo lolote kubwa juu ya fedha ya namna hiyo.

Ndipo akaja Bwana Seif. Alikuwa mfanyabiashara wa Mtwara, mtu mnene mwenye sauti ndogo, aliyekuwa anafungua hoteli yenye duka la keki na mikate upande wa barabarani. Alikula keki ya mama kwenye harusi moja Nanganga, akaacha meza ya wageni, akazunguka jikoni kuuliza nani ameoka. Wiki iliyofuata gari lake lilisimama kwetu. Aliketi kwenye kiti cha baba, akasema aliyokuja kusema bila kuzunguka. Mshahara kila mwezi, mvua ikinyesha isinyeshe. Chumba cha kukaa. Na kabla ya kazi, miezi mitatu Dar es Salaam kwenye chuo cha mambo ya hoteli, kwenye oveni za umeme, atoke na cheti.

"Cheti ndicho kikubwa, Mama Barnaba," alisema. "Mshahara wangu unaweza kuuona mdogo baadaye. Ukiwa na cheti unaniacha, unakwenda kwa mwenye mkubwa."

Mama, ambaye mbele ya wageni alicheka kwa kufunika mdomo, siku ile alicheka mdomo wazi. Lilibaki jambo moja. Bwana Seif alikuwa na mshirika wake, na mshirika alitaka kuonja kwanza. Ilikuwepo harusi Masasi mwezi wa saba, na mama alikuwa ameshaahidi kuoka keki yake. Mshirika angealikwa, aonje, waelewane. Baba angeomba uhamisho aende Mtwara. Mimi ningebaki kwa bibi, mama yake mama, mpaka uhamisho utoke.

Sikupendezwa hata kidogo. Bibi alikuwa akipika mlenda siku nne mfululizo. Nilijiona kama mtoto anayetupwa, na sikumwambia mtu.

Likizo ile ile ya katikati ya mwaka ilikuwa zamu yetu ya kwenda jandoni. Sisi ni Wakristo, na kwetu padri huja kuwaombea watoto kabla hawajaingia kumbini, kisha wazee huendelea na yao. Ya kumbini hayasimuliwi, na mimi siyasimulii. Nitasema yale tu ambayo ni dhambi yangu binafsi, kwa kuwa hayo hayamo katika siri za wazee.

Mwiko mmoja kila mtoto aliujua hata kabla ya kuingia: mwali, ndivyo anavyoitwa kwetu hata mvulana aliye kumbini, hali chumvi wala kitu kitamu mpaka kidonda kikauke. Mwingine ulikuwa wa mama wa mwali. Mama hasuki nywele, na moto wa nyumba yake hautoki nje. Jirani akija kuomba kaa la kuwashia, anarudishwa kwa upole, naye haudhiki, maana anajua mna mtoto kumbini. Moto ukitoka, walisema, kidonda cha mtoto kinaufuata.

Usiku wa kuamkia kuingia sikulala vizuri kwa kuwazia mlo wa mwezi mzima usio na chumvi. Asubuhi, mama alikuwa amejaribu keki ndogo kwa ajili ya ile ya Masasi, na kichwa chake kilikuwa kwenye sinia. Nikakichukua, nikakipondaponda ndani ya kipande cha nailoni, nikaongeza konzi ya sukari laini ya kupambia, nikakifunga kwa fundo kwenye pembe ya shuka langu. Shuka lilikunjwa pamoja na ya wenzangu, likabebwa. Hakuna mtu mzima aliyewaza kwamba mtoto anaweza kuingia na keki jandoni. Jambo hilo halikuwahi kutokea tangu kuumbwa kwa wazee wetu, kwa sababu ya wazi kwamba hapakuwahi kuwa na keki.

Nikala kidogo kidogo kila wenzangu walipogeuka. Nilikuwa na fahari kama ya mtu mwenye akiba. Siku ya nne nikasikia kitu kinatembea mguuni. Sisimizi walikuwa wamelipata fundo. Walikuja kwa mstari kutoka ukutani, wakaingia nailoni, wakatoka, wakapita juu yangu, na njia yao wakaona ikatize mahali ambapo hata nguo haikutakiwa iguse. Wakauma. Nami nikajikuna. Nilijua hakuna mwiko mkubwa kuliko huo, na nikajikuna tena, kwa sababu muwasho haujui miiko.

Kilichofuata nitakieleza kwa ufupi. Kidonda kikavimba, kikatoa usaha, homa ikapanda. Mlezi wetu akatuketisha, akauliza kwa sauti ya chini, "Nani amekula chumvi?" Kila mtoto akasema si yeye. Nami nikasema si mimi, na kwa chumvi nilikuwa nasema kweli.

Mjomba wangu Saimoni, kaka wa mama, akanipakia kwenye baiskeli akanipeleka hospitalini. Nililazwa siku tisa. Mama haruhusiwi kumwona mwali kabla hajatoka, basi mama alikaa nje, nyuma ya ukuta wa wodi, siku zote tisa. Alipika uji pale kwenye mafiga ya wagonjwa, mjomba akauingiza. Nilisikia kikohozi chake. Kuna siku niliita "Mama" kwa dirisha, na kikohozi kikanyamaza, na hakuna aliyejibu, kwa kuwa mwiko ulikuwa mwiko. Nilipopata nafuu shuka langu lilirudi kitandani limefuliwa, pembe yake imenyooka, hakuna fundo. Nikashukuru kwamba manesi ni watu wenye kazi nyingi wasiouliza maswali.

Ile harusi ya Masasi, kumbe, ilifanyika wiki ya kwanza ya sisi kuwa kumbini, na mama alikuwa ameoka. Habari hii niliipata kwa bibi, aliyeisimulia mara nyingi na kila mara akiwa amesimama. Alimkuta mama uani anapanga makaa. Akamkumbusha mwiko. Mama akamjibu kwamba hatoi moto, anatoa keki.

"Moto umeweka chini, moto umeweka juu," bibi akamwambia. "Katikati patakuwa na nini kama si moto?"

"Katikati pana sukari na mayai, mama."

"Na kinakwenda kuliwa wapi?"

"Masasi."

"Basi umeutoa," bibi akasema, akaenda zake.

Mama akaoka. Alikuwa amekwisha kuahidi, na mshirika wa Bwana Seif alikuwa njiani. Mshirika alionja, na watu walisema alifunga kipande kingine kwenye leso akaenda nacho. Kazi ilikuwa ya mama.

Nikarudishwa kumbini kumalizia na wenzangu, nikatoka nao siku moja, nimevaa shati jipya, nimepakwa mafuta. Akina mama walipiga vigelegele. Wakatuambia kwamba sasa sisi ni wanaume, tusiingie tena jikoni ovyo. Mama alinitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, akanishika bega. Nilidhani ni furaha.

Siku ya tatu mjomba akaitisha kikao sebuleni kwa bibi. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye neno la mwisho juu yake ni mjomba. Baba alikuwepo, lakini pale alikuwa mkwe, na mkwe hukaa karibu na mlango akasikiliza. Nami niliketishwa katikati kwa sababu jambo lilikuwa langu.

"Dada," mjomba akasema, "watoto kumi na wanne wamepona, mmoja ameoza. Watu wananiuliza nami sina la kuwajibu. Moto wa nyumba yako ulitoka?"

Mama alinitazama kwanza. Kisha akasema, "Ulitoka, kaka. Niliutoa mimi."

Bibi akasema, "Nilisema."

"Utafanyaje sasa?"

"Sitaoka tena cha kuuza. Na Mtwara siendi."

Baba alisogea pale mlangoni kana kwamba atanyanyuka. Hakunyanyuka. Mjomba akasema basi, jambo limekwisha, asiongee mtu tena. Hakuwa mtu mbaya, mjomba wangu. Alinibeba kwa baiskeli njia yote ile ya mchanga bila kupumzika, na aliogopa kunizika.

Na mimi? Mimi nilikuwa pale katikati na shati langu jipya. Maneno yalikuwa matatu tu: nilikula keki kumbini. Nilikuwa nayo mdomoni. Lakini nilijua wenzangu wangenitungia wimbo. Mvulana aliyeshindwa mwiko hupewa jina, na jina hilo humfuata mpaka anapooa, mpaka anapozikwa. Hilo ndilo nililojiambia. Lipo na lingine, nalo ndilo linaloniuma zaidi kuandika. Nilifurahi. Mama alipotamka "Mtwara siendi", moyo wangu uliruka, nikawaza kwamba sitakula mlenda wa bibi.

Miezi ikapita. Sufuria kubwa ikageuzwa ya kupikia pombe za watu wengine, ikiazimwa huku na kule. Mwezi wa kumi na mbili wanunuzi wa korosho walipoanza kupita na magari yao, kila mmoja na bei yake na maneno yake matamu, gari moja likasimama kwetu, akashuka Bwana Seif. Nilimwamkia, "Shikamoo," akaitikia, nikamletea maji. Hakulaumu. Alisema amesikia yaliyotokea na anaheshimu mila za watu, lakini nafasi bado ipo. Alikuwa amembembeleza mshirika wake asiajiri mtu mpaka Januari, chuo kinapofunguliwa.

"Mimi sijapata mkono mwingine kama wako, mama," alisema.

Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka, anachambua kunde. Mikono ikasimama. Akanigeukia mimi.

"Barnaba. Una neno?"

Nilishangaa. Nilijiona mkubwa kweli kweli, mama ananitaka ushauri mbele ya tajiri wa Mtwara. Nikafikiri ananiuliza kama nitavumilia kubaki. Nikasimama wima, mikono nyuma, kama tulivyofundishwa.

"Sina neno, mama."

"Huna neno kabisa?"

"Sina."

Akarudi kwenye kunde zake. Akamwambia Bwana Seif kwamba ameshasema mbele ya kaka yake na hawezi kula maneno yake, ila yupo binti, Theresia, mkono wake ni mzuri, yeye mwenyewe amemfundisha. Amchukue huyo. Bwana Seif akanywa maji yake yote, akaaga.

Theresia akaenda. Nilipofika Mtwara kusoma kidato cha tano nilimkuta ndiye mkuu wa jiko zima la keki, ana wasichana sita chini yake na kofia nyeupe kichwani. Miaka kadhaa baadaye aliacha, akafungua duka lake, akajenga. Kila nilipopita alinikatia kipande kikubwa bila kulipa, akaniambia nimsalimie mwalimu wake. Kipande kilikuwa kitamu. Sikumaliza hata kimoja.

Mama alilima. Bei ya korosho ilipanda ikashuka, ikashuka tena, na wadogo zangu wawili, waliozaliwa baadaye, waliishia darasa la saba kwa kukosa ada. Alioka keki za nyumbani, Krismasi na Pasaka, kwa unga kidogo. Baba alistaafu bila kuhamishwa. Hakuna aliyelalamika mbele yangu, na kwa miaka mingi nilikichukua kile kimya chao kuwa dalili kwamba wamesahau.

Baada ya yale maandazi ya ofisini sikutulia. Niliomba ruhusa, nikapanda basi, nikaenda nyumbani. Mama sasa ni mzee, macho yake hayaoni vizuri lakini vidole bado vinajua kila kitu. Nilimkuta yuko peke yake uani. Nikakaa chini, nikamweleza yote, fundo, sisimizi, kujikuna, kikao. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio chake, au kwa kucheka kwake, maana mtoto wa miaka kumi na kichwa cha keki ni jambo la kuchekesha ukilitazama kwa mbali. Nilitumaini atacheka.

"Najua," alisema.

Nesi ndiye aliyempa lile shuka dirishani, alifue. Alilifungua fundo kwa mikono yake. Sisimizi walikuwa bado wamo.

Nilimuuliza kwa nini hakusema mbele ya mjomba. Akasema, "Mama anayemtwisha mtoto wake kosa lake mwenyewe, nani anamsikiliza? Na wangenisikiliza, wewe ungeitwa nani mpaka leo?"

"Kwa hiyo ulinificha."

"Nilikungoja. Neno lile lilikuwa lako. Ungelisema wewe, mjomba wako angenifungua siku ile ile. Kila asubuhi nilikuwa nasema, leo atasema. Alipokuja Seif nikaona nikusaidie, nikakuuliza. Nilikuuliza mara mbili, Barnaba."

Nilimwomba msamaha. Akanipapasa kichwa, akasema alinisamehe zamani, tena kwa kazi, maana ipo miaka alishindwa hata kunitazama nikinywa chai ya sukari, nami sikuona. Nikamuuliza jambo ambalo nadhani nilitaka anidanganye. Nilimuuliza kama kweli angekwenda, aniache mimi na bibi, aiache nyumba, akaanze maisha kwa watu asiowajua.

"Ningekwenda," mama alisema. "Nilikuwa nimeshafunga nguo."

Miaka yote nilidhani kilichomnyima mama kazi yake ni sisimizi na ujinga wa mtoto, mambo ambayo mtu anaweza kujisamehe. Sivyo. Kidonda kilipona mwezi wa saba, na nafasi ilikuwa wazi mpaka Januari. Miezi yote ile mama alikaa na mimi nyumba moja, akanipikia, akanifulia, akingoja maneno matatu kutoka kwangu. Walinitoa kumbini wakisema nimekuwa mwanaume, na mtu wa kwanza kabisa aliyemhitaji huyo mwanaume alikuwa mama yangu, nami nikamwambia sina neno.